UZI: Kikundi cha kuacha pombe kina simu moja na mtu mmoja. Tujipangeje kuwafikia watu wa shamba na Pemba?

Mtu_wa_Kikwajuni

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu tulioacha pombe. Tunakutana hapa mjini Unguja kila wiki kwa utaratibu wa AA (Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), ule wa Hatua 12. Hatuna ofisi, hatuna bango, chumba chenyewe tumeazimwa.

Shida yetu si mikutano, mikutano inakwenda. Shida ni wanaotutafuta. Wote wanapitia kwa kaka yetu mmoja, ndiye aliyeanzisha kikundi na namba yake ndiyo iliyozagaa. Mama wa Wete anampigia usiku wa manane, mwanawe kalewa kavunja vyombo. Meneja wa hoteli ya Kiwengwa ana mpishi hodari, lakini kila mshahara ukitoka haonekani kazini. Muuguzi ana mgonjwa anatoka wodini kesho na hana pa kumpeleka. Kaka anakwenda mwenyewe, nauli yake, na gari ya mwisho ikimwacha analala huko huko. Juzi kasafiri kwenda Dar kuuguza, simu ikawa haipatikani, na sisi tukawa kama hatupo.

Wenzetu kwengine hii kazi ya kuwafikia watu wanaipangaje? Nataka majibu ya vitendo. Mawaidha tunayo ya kutosha.

Chwaka_Moja

Fungueni ukurasa Instagram, pigeni fulana, ombeni kipindi redioni. Siku hizi usipojitangaza hakuna anayekujua. Mnaona haya ya nini na jambo la kheri?

Babu_Vuga

Chwaka, mwanangu, polepole.

Mie nilikuwa baharia. Nimekaa kwenye mikutano ya AA bandari mbalimbali, na hili nimeliona likifanywa vizuri na likifanywa ovyo. Tuanze na lilivyoanza. Mwaka 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, walikutana watu wawili: Bill W., aliyekuwa akifanya kazi za hisa New York, na Dk. Bob, daktari wa upasuaji. Jina la AA halijakuwapo, kitabu hakijakuwapo. Walichofanya ni kwenda hospitali ya mji, wawili pamoja, kumtazama wakili mmoja ambaye ulevi ulimfikisha pabaya hata akawapiga wauguzi. Wakakaa pembeni ya kitanda wakamsimulia yao. Yule wakili akawa mtu wa tatu.

Kila mnachokiona leo, simu, kamati, ziara za magerezani, kimetoka pale. Mnywaji aliyeacha anamwendea mnywaji anayeteseka, na anayekwenda anajitibu mwenyewe kwa kule kwenda. Ndiyo maana halipwi.

Sasa hilo la redio. Machi 1941 gazeti kubwa la Marekani, Saturday Evening Post, liliandika habari zao. Mwaka ulianza wakiwa kama watu 2,000, ukaisha wakiwa kama 8,000. Barua zilimiminika ofisi ya New York, na kazi ikawa kumpata mtu wa karibu na kila aliyeandika. Mngetangazwa nyinyi kesho, barua za Makunduchi na Micheweni angezijibu nani? Kaka yenu yule yule aliyeko Dar?

Kwa hiyo tangazo huja mwisho. Kwanza mjue nani anapokea, nani anakwenda, na nani anamshika mkono mgeni akishafika.

Mahali AA ilipokomaa, vikundi vya mji mmoja huungana na kuweka ofisi ya pamoja inayopokea simu na kutoa orodha ya mikutano. Pembeni kuna kamati: ya hospitali na nyumba za tiba, ya magereza, ya kuzungumza na wataalamu kama madaktari na mahakimu, na ya taarifa kwa umma. Kila kikundi kinachagua mwakilishi, mara nyingi kwa miaka miwili, kisha anampisha mwengine hata kama alikuwa hodari. Khasa kama alikuwa hodari.

Nyinyi mko wachache, msikimbilie kamati. Kamati ya mtu mmoja ni cheo tu. Chukueni kazi, siyo majina ya kazi. Simu iwe na zamu, kila wiki mtu na msaidizi wake. Iwepo orodha ya walio tayari kwenda kumtazama mtu: anakaa wapi, mwanamme au mwanamke, saa ngapi yuko huru. Anayeshika simu haendi yeye, anatazama orodha na kumpigia aliye karibu na Kiwengwa. Hapo peke yake mtakuwa mmemtua kaka yenu nusu ya mzigo.

Na ziara ni watu wawili daima. Mwanamme kwa mwanamme, mwanamke kwa mwanamke. Mnazungumza na mnywaji mwenyewe, si na mama yake tu. Mkimkuta kalewa mnaondoka kwa adabu na kurudi siku nyengine. Hamumkopeshi pesa, hamumwombei kazi, hamumsuluhishi na mkewe. Mnasimulia yenu, mnaacha namba, mnamwambia mkutano uko wapi na nani atampitia. Basi.

Chwaka_Moja

Nimekusoma babu. Lakini fulana tu?

Babu_Vuga

Fulana imeandikwa nini mgongoni, "mlevi mstaafu"? Ukishuka nayo Darajani mama yako atakuwa keshapata habari kabla hujafika Kwahani.

Maalim_J

Mie nitasema msilopenda. Nchi hii ni ya Waislamu. Pombe haramu, ushahidi upo, mtu atubu aache. Hizi Hatua 12 zimetoka kwa Wakristo wa Marekani. Kwa nini msikae na masheikh wa mitaa yenu?

Mtu_wa_Kikwajuni

Maalim, kwa heshima zote: kila mlevi wa Michenzani anajua ni haramu. Mie nimekunywa miaka nikijua. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kulala bila kunywa na kuamka bila kunywa.

Asili yake umesema kweli, watu wa mwanzo walitoka kwenye jumuiya moja ya Kikristo, Oxford Group, kisha wakajitenga nayo. AA yenyewe haifungamani na dini yoyote, na hatua zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomjua. Sisi mkutano wetu tunauweka baada ya Isha, hakuna aliyewahi kukosa sala kwa ajili yetu. Baadhi yetu wameanza kusali kwa ajili yake.

Babu_Vuga

Maalim amegusa jambo ambalo sisi wa mikutano tunalisahau. Familia ya Unguja ikiona mtoto kaharibika, hodi ya kwanza inapigwa wapi? Kwa imamu, au kwa maalim wa kisomo. Akishatoa talaka mbili kwa ulevi, hodi ya pili ni Mahakama ya Kadhi. Halafu sheha, mkuu wa mtaa. Polisi na hospitali ni mwisho kabisa. Basi mkitafuta wa kuzungumza nao, msianze na wale ambao Wamarekani walianza nao. Anzeni na hao.

Hamwendi kumfundisha imamu dini. Mnamwambia: tupo, tunakutana siku fulani, hatutozi pesa, ukipata mtu anayetaka kuacha mwambie apige namba hii. Mwachie kijikaratasi. Rudini baada ya miezi, kwa sababu karatasi hupotea na maimamu hubadilika. Na mwambieni kweli mapema: hatumletei mtu yeyote ripoti ya nani kahudhuria na nani kalewa tena. Sheha mmoja akipewa orodha ya majina hata kwa nia njema, mkutano umekufa.

Mara moja moja fanyeni mkutano wa wazi, ambao anaweza kuingia yeyote, sheha, mke, maalim. Ile mingine ya kila wiki ibaki kwa wenye tatizo peke yao.

Maalim_J

Mkiuweka huo wa wazi nijulisheni. Nitakuja.

Muuguzi_Chake

Nafanya kazi hospitali, Pemba. Naomba niingie hapa maana naona mnazungumzia simu na hakuna aliyetaja la hatari.

Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu hawezi kuambiwa tu "acha leo". Pombe ikikatika ghafla mwili unaweza kulipuka. Degedege linaweza kuja baina ya saa 6 na 48 tangu tone la mwisho. Baada ya siku mbili mpaka nne baadhi yao wanachanganyikiwa, wanatetemeka mwili mzima, joto linapanda, wanaona wadudu ukutani. Familia inasema kaingiwa na shetani na anapelekwa kwa mganga, na huku anaweza kufa. Na hii hospitali inatibika: kuna dawa za kumtuliza na kuzuia degedege, kuna vitamini B1, kuna maji.

Kwa hiyo anayeshika simu awe na maswali yake kwenye karatasi. Amekunywa mara ya mwisho lini? Anatetemeka? Amewahi kuanguka degedege? Anaona au kusikia visivyokuwapo? Jibu likiwa ndiyo, au akiwa ni mtu wa kunywa mfululizo tangu asubuhi, hapo hakuna ziara wala mkutano. Ni hospitali kwanza, na nyinyi mfuateni huko huko.

Kuna majira ambayo lazima muongeze zamu: siku za mwanzo za Ramadhani. Wanywaji wengi wanaacha usiku wa kuandama mwezi, wote kwa pamoja, kwa heshima ya mwezi. Nia nzuri mno, lakini yule aliyekuwa anakunywa gongo kutwa ndiye anayeletwa kwetu anatetemeka siku ya kwanza au ya tatu ya kufunga. Halafu Idi mosi wanarudi. Siku za mwisho za Shaabani ndizo za kuzungumza na watu, na siku za mwisho za Ramadhani ndizo za kuwashika wasirudi.

Huku kwetu kuna na msimu wa karafuu. Kijana anachuma, analipwa taslimu, na tembo, ile pombe ya mnazi, liko mnazini hapo hapo.

Mtu_wa_Kikwajuni

Dada, ahsante sana. Hili la maswali tunaliandika leo. Swali: nyinyi hospitali mngependa tuje vipi? Maana mwenzetu aliwahi kwenda wodi moja akafukuzwa kama mchuuzi.

Muuguzi_Chake

Alikwenda kwa mgonjwa bila kupita kwa in-chaji. Nendeni kwa in-chaji kwanza, mkiwa wawili, mmevaa vizuri, semeni mnachofanya na msichofanya. Hamtoi dawa, hamtoi ushauri wa dawa. Msimwambie mgonjwa aache vidonge alivyoandikiwa! Hili nalisema kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu. Ombeni siku moja maalumu ya wiki na msiikose. Mkikosa mara mbili sisi tunawasahau.

Na mtusaidie pale mgonjwa anapotoka. Pale ndipo tunapompoteza. Anatoka mchana, jioni yuko kwenye kibanda.

Babu_Vuga

Kwa hilo AA ina utaratibu wake. Kabla mgonjwa hajatoka anaunganishwa na mtu mmoja wa mtaani kwake, ambaye kazi yake ni ndogo na ya muda: ampigie siku ile ile, ampitie, ampeleke mikutano michache ya mwanzo, amtambulishe kwa wengine. Si mlezi wake wa kudumu, huyo atamchagua mwenyewe baadaye. Kikundi chenu kikiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu mbali na simu, mie ningechagua hili kabla ya redio, kabla ya mabango, kabla ya yote.

Soba_Tomondo

Salamu kutoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha madawa ya kulevya. Mimi ni wa unga, sio pombe, miaka kadhaa sasa niko safi. Zanzibar soba zetu nyingi zilianza kwa ajili ya heroini, na sisi tunafuata NA (Narcotics Anonymous, ya watu wa madawa ya kulevya), ambayo ilitoka ubavuni mwa AA mwaka 1953 huko California. Pale Kidongo Chekundu tangu 2015 kuna na kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watu wa heroini ili waiache. Watu wa pombe wanakuja kwetu lakini wanakaa pembeni, wanasema "mimi si teja". Wanahitaji watu wao.

La kuwaambia ni moja. Mie nimefanya kazi ya kufikia watu kwa miradi. Tulikuwa na vitambulisho, posho, ripoti ya kila mwezi ya watu wangapi umewafikia. Tulifika maskani zote, sibezi, kuna watu wako hai kwa sababu hiyo. Mradi ulipokwisha, na ziara zikaisha. Wale wale tuliokuwa tunakwenda kila siku tukaanza kupishana nao njiani tukiwaambia "subirini mradi mpya". Nyinyi msio na posho mnaona ni unyonge. Angalieni vizuri.

Gesti_Paje

Nimesoma uzi wote. Nina gesti upande wa mashariki, na vijana wangu wawili pombe inawamaliza, watalii wanawapa na wenyewe wanamalizia chupa. Nataka kusaidia: nitatoa gari Jumapili, mafuta, na pesa ya mwaka mzima ya simu. Sitaki kitu, ila jina la gesti liwe kwenye vijikaratasi vyenu.

Babu_Vuga

Bwana Paje, Mungu akulipe kwa nia. Pesa hatuchukui, na jina hatuweki.

Usione kiburi. Mwaka 1938 wale wazee walimwendea tajiri John D. Rockefeller Mdogo, wakitarajia mamilioni ya kujenga hospitali na kulipa wahubiri wa habari hii. Aliwapa dola 5,000 tu, kwa hofu kwamba pesa nyingi zingewaharibu. Walinuna, kisha wakaona kasema kweli. Baadaye wakaiweka kuwa desturi: kila kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama wake, na jina la AA lisikopeshwe kwa biashara wala taasisi hata iwe nzuri vipi. Kofia inazungushwa mwisho wa mkutano, aliye nacho anatia, asiye nacho anaipitisha. Kikikosekana cha nauli ya Nungwi wiki hii, wanakwenda wiki ijayo.

Unachoweza kutupa kina thamani kuliko gari. Waruhusu vijana wako watoke kazini saa ya mkutano bila kukatwa. Bandika namba chooni kwa wafanyakazi, chooni khasa, mtu aiandike bila kuonekana. Na ukituazima chumba, tutakulipa kodi japo kidogo.

Gesti_Paje

Kodi ya chumba cha stoo! Haya. Chumba kipo, jioni hakina kazi.

UmmSalha

Mnazungumza wanaume tupu, naona. Mie ni mke wa mnywaji, na mdogo wangu wa kike anakunywa pia, ndani, usiku, kwenye kikombe cha chai. Hatakuja kwenye mkutano wenu wenye viatu vya wanaume mlangoni hata mpige ngoma. Na akipiga simu ikapokelewa na mwanamme anakata.

Mtu_wa_Kikwajuni

Dada, tuna mwanachama mmoja tu wa kike. Tunaogopa kumchosha.

UmmSalha

Msimpe zamu ya kila wiki. Simu ikipokelewa na mwanamme, neno lake la kwanza liwe: "Ukitaka kuzungumza na mwanamke nitampa namba yako akupigie." Kisha anyamaze. Na asitume ujumbe kwenye simu ya mwanamke ukasomwa na mume, aulize kwanza saa gani ya kupiga. Mikutano ya mtandaoni pia inasaidia, mtu yumo chumbani kwake na kamera kaizima. Tangu korona ipo mingi, na mingine ni ya wanawake tu, ingawa mingi ni ya Kiingereza.

Sisi wake tuna mahitaji yetu mbali. Sitaki kuambiwa namna ya kumwachisha mume wangu. Nimeshamwaga chupa, nimeshafunga mlango, nimeshakwenda kwa wazee wake.

Babu_Vuga

Kwa ndugu wa mnywaji kuna Al-Anon, tangu 1951, mbali kabisa na AA. Hapa mnaweza kuanza wawili watatu kwa chai. Simu ya kikundi ikipokea mke au mama, aunganishwe na nyinyi. Mnywaji mwenyewe ndiye wa kwetu.

Nilipita_Kilimani

Na Chuo cha Mafunzo, yaani gereza letu? Mie nilikaa ndani kwa kosa la ulevi na kupigana. Hakuna aliyekuja kutuzungumzia pombe ila kwa kutukemea.

Babu_Vuga

Magereza ni katika kazi za zamani kabisa za AA, San Quentin huko California walikuwa na kikundi tangu 1942. Lakini hapo muende taratibu. Barua kwa uongozi, ruhusa ya maandishi, majina ya wanaoingia yanajulikana mapema, sheria za getini zinafuatwa bila ubishi. Hamchukui barua ya mtu kutoka wala kuingia, hata ya mama yake. Sehemu nyingi hutaka anayeingia awe ametimiza angalau mwaka hajanywa. Na wewe Nilipita, siku hiyo ikifika, ndiye wa kwanza kutakiwa.

Nilipita_Kilimani

Mwaka sijautimiza, bado. Nitashika simu kwanza.

Mtu_wa_Kikwajuni

Tulikaa jana usiku. Tulichokubaliana: simu ya kikundi, zamu ya wiki mbili mbili kwa wawili wawili. Karatasi ya maswali ya Muuguzi imebandikwa nyuma ya simu. Orodha ya ziara ina watu wa mjini, Bububu, na mmoja Mahonda. Kaskazini na mashariki bado patupu, tutaanza na stoo ya Paje. Hospitali moja, siku moja ya wiki. Pemba hatuendi kwa boti kila mtu akipiga. Muuguzi anatutafutia mmoja wa Chake aliyeacha, tutakuwa naye kwenye simu kila siku mpaka apate wa pili, ndipo tuvuke kwenda kukaa nao. Redio hakuna. Kaka yetu amepewa kazi ya kupika chai.

Limebaki moja. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole vya mtu, na kikundi hakina vidole. Ikiwa kwa jina la mtu, akihama au akirudi kunywa anaondoka nayo.

Soba_Tomondo

Isajiliwe kwa mtu asiyemo kwenye zamu na asiyetaka kuonekana, yule mweka hazina wenu kwa mfano. Aandike karatasi mbele ya wenzake kwamba laini ni ya kikundi. Yeye hashiki simu, na anayeshika simu hana PIN ya laini. Na huduma ya pesa msiifungue kabisa kwenye hiyo namba. Mkiifungua, watu wataanza kuitumia sadaka, na mwezi wa pili mtaanza kugombana.

Mtu_wa_Kikwajuni

Mweka hazina kasema yuko tayari, anauliza kama aende na kitambulisho cha Mzanzibari au cha NIDA.

Gesti_Paje

Abebe vyote viwili, na aende asubuhi. Jioni foleni.